Msitu Kwenye Kioo, Miwa Mlangoni

Anayetafuta picha za Kakamega kwenye simu huletewa msitu kwanza. Mbega weusi kwa weupe wameketi kwenye matawi, hondohondo anapiga mbawa juu ya miti, yule ndege wa buluu mwenye kishungi cheusi na mkia mrefu amegeuza shingo kama aliyeombwa na mpiga picha. Kisha vipepeo. Kisha jiwe la Ilesi linalotiririsha maji, kisha fahali wawili wamepigana pembe huku umati ukipiga kelele. Anayetafuta Mayoni hapati hata robo ya hayo. Ataona soko lililo kando ya barabara ya Mumias kwenda Bungoma, ramani ya wadi katika eneo bunge la Matungu, na trekta la miwa likivuta mzigo uliojaa kupita kiasi.

Msitu wa Kakamega hauzidi sana kilomita mraba 240, na sehemu yenye miti ya asili iliyoshikana vizuri ni chini ya hizo. Kaunti yenyewe ina zaidi ya kilomita mraba 3,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 1.8. Kwa hivyo sehemu kubwa ya Kakamega si msitu. Ni boma, ua, kitalu cha mahindi, miwa, mikaratusi mpakani, na bonde lenye maji ambalo kila mtu anataka kulilima kiangazi. Humo ndimo watu wanamoishi na viumbe, na humo ndimo kamera huingia kwa nadra.

Mazoea ya kuyatazama mazingira kwa macho ya mtu mwingine hayakuletwa na simu. Kabla ya TikTok kulikuwa na kalenda za ukutani, vitabu vya darasa la nne na vipindi vya televisheni vya jioni. Hata fedha zinahubiri. Sarafu mpya za Kenya zilipotolewa Desemba 2018, shilingi moja ilipewa twiga, tano kifaru, kumi simba na ishirini ndovu. Mtoto wa Mayoni anayetumwa dukani kununua chumvi hubeba mkononi wanyama wa nyika ambao huenda asiwaone kamwe wakiwa hai, na hajiulizi kwa nini mchwa wa kumbikumbi, anayemla kila mvua zikianza, hakupewa hata senti hamsini.

Simu ilichoongeza ni kasi na hesabu. Ripoti ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Reuters ya Uingereza kuhusu habari za kidijitali iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya watumiaji wa intaneti waliohojiwa walisema wanaitumia kwa shughuli yoyote ile. Katika uwanja wa namna hiyo, kiumbe hupanda cheo kwa kutazamwa. Kinachotazamwa sana ni chenye uso, chenye jina, na chenye jambo linalotokea ndani ya sekunde chache.

Mfano uliovuma kuliko yote ulitoka Laikipia. Mwezi Aprili 2017 hifadhi ya Ol Pejeta ilimfungulia kifaru Sudan ukurasa kwenye Tinder, programu ya kutafutia wapenzi. Alikuwa dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini duniani, mzee asiyeweza tena kuzaa, na lengo lilikuwa kuchangisha dola milioni 9 za utafiti wa kuzalisha kwa maabara. Watu waliitikia kwa wingi hata tovuti ya mchango ikazidiwa. Alipofariki Machi 2018, dunia nzima ilimlilia, na akabakiza binti, Najin, na mjukuu, Fatu. Hakuna ubaya kumlilia Sudan. Ila ni vyema kukumbuka kwamba aliingia Tinder baada ya kila kitu kingine kushindikana, na kwamba vifaru wenzake walipokuwa wakiuawa kwa makumi huko walikotoka, ni wachache waliokuwa wakiwatazama.

Upande wa magharibi una msiba wake wenye manyoya. Kasuku wa kijivu, anayejulikana kwa kuiga maneno ya watu, alikuwa na makao yake nchini Kenya katika misitu ya magharibi, na Kakamega ilikuwa ngome yake ya mwisho. Sasa waliobaki huko ni wachache mno. Wakati huohuo jina lake liko kwenye daftari la mtoto wa shule na kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na sauti yake iko kwenye simu, kwa video za kasuku anayetukana, anayesali, anayeita paka wa nyumba. Kila video hiyo humfundisha mtazamaji kwamba mahali pa kasuku ni sebuleni. Mwaka 2016 nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku walionaswa porini. Mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, likatoa muda wa msamaha ili wanaowafuga bila kibali wajitokeze na kuwaandikisha. Anayecheka video hizo hana habari na lolote kati ya hayo, na hakuna anayeweza kumlaumu, kwa sababu video haikumwambia.

Lakini hadithi inayoihusu Mayoni kwa karibu zaidi ni ya kware.

Katika nchi ya Wawanga, Waluhya wa huku Matungu, na majirani zao, kama ilivyo kwa Waluo wa Siaya, kware wa mwituni ni ndege wa msimu. Waluhya humwita isindu. Huja na mvua na nafaka, na wanaume wenye ujuzi huwanasa kwa njia iliyorithiwa: mti mrefu husimikwa karibu na shamba, vitundu vilivyosukwa hufungwa juu yake kimoja juu ya kingine, na ndani ya kila kitundu hukaa kware aliyefugwa kwa kazi ya kuita. Alfajiri wale wa juu huimba, wale wa porini huitikia na kushuka, na chini wanasubiriwa na vitanzi vilivyopangwa kwenye vijia vya nyasi. Ni kazi inayodai sikio. Mtegaji mzuri huijua sauti ya mwitaji wake kati ya sauti kumi, na huyu huthaminiwa kuliko ndege wanaonaswa kwa wito wake.

Mwishoni mwa mwaka 2013 kware akavuma upya, kwa namna ambayo mtegaji wa zamani asingeitambua. Habari zilienea kwenye Facebook, kwenye jumbe za simu, redioni na makanisani kwamba mayai ya kware yanatibu shinikizo la damu, kisukari, pumu na udhaifu wa kila aina. Bei ya yai moja dogo lenye madoadoa ilipanda hadi shilingi 50, na mahali pengine 100, wakati yai la kuku halikufika 20. Watu waliuza ng'ombe wakanunua vitotoleshi. KWS ikawakumbusha kwamba kware ni ndege wa porini kisheria na anayemfuga sharti awe na leseni, na foleni za kutafuta leseni zikawa zenyewe habari nyingine ya kusambazwa. Kabla mwaka 2014 haujafika mbali, soko likaporomoka. Kila aliyekuwa mnunuzi alikuwa amegeuka mfugaji, na yai likashuka hadi shilingi chache tu. Waliobaki na mamia ya ndege waliwala, wakawagawa, au wakawafungulia milango.

Kware aliyetajirisha wachache na kufilisi wengi hakuwa isindu hata kidogo. Alikuwa kware wa Kijapani, ndege wa mabandani aliyezalishwa kwa vizazi vingi mbali na nyasi za Matungu. Isindu mwenyewe hakupata chochote kutokana na umaarufu ule, wala bonde analolala, wala nyasi anazotagia, wala mzee anayejua kumwita. Picha ilichukua mwili wa ndege ikaacha mahali pake. Kelele za mwaka mmoja zilimfanya kila Mkenya ajue kware ana mayai, na hazikumfanya hata mmoja aulize kware anahitaji nini ili arudi mwaka ujao.

Na nyasi zenyewe zimekuwa zikipungua tangu miwa ije. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliandikishwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973, na kwa muda wa kizazi kimoja mashamba ya Mumias na Matungu yakafunikwa na zao moja. Kwa mkulima mdogo hilo lilikuwa karo ya shule na bati la nyumba. Kwa ndege na nyuki lilikuwa jambo lingine. Kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wengi walikuwa wamekwisha ng'oa miwa na kupanda mahindi, mihogo na miti. Runinga zilipiga picha kiwanda chenye kutu na wazee wakidai malipo. Kilichokuwa kikitokea ardhini, jinsi mashamba yalivyokuwa yakibadilika mwaka hadi mwaka, hakikuwa na uso wa kupigwa picha.

Mti ndio unaofundisha zaidi katika suala hili, kwa sababu Kakamega iliwahi kupigwa picha kutoka angani na kueleweka vibaya. Miaka ya 1980 Mradi wa Maendeleo ya Kuni Kenya uliletwa wilayani Kakamega kwa hofu iliyokuwa imeenea wakati huo, kwamba watu wakiongezeka miti huisha. Picha za ndege zilipochunguzwa zikaonyesha kinyume: mashamba yaliyobanana watu zaidi ndiyo yaliyokuwa na miti mingi ya kupandwa. Hata hivyo, wanawake walikuwa wakilia kwamba hakuna kuni. Ilimbidi mtafiti Noel Chavangi na wenzake washuke chini na kuuliza. Miti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wanaume. Mti hutia alama kwenye ardhi, na anayeupanda hudai ardhi. Ndiyo maana mwanamke alionywa kwamba akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Akina mama waliopika kila siku walikuwa wamezungukwa na miti wasiyoweza kuigusa.

Walichofanya watafiti hao ndicho cha ajabu. Walitumia vyombo vya habari vya wakati wao: filamu, michezo ya kuigiza, mabaraza, ili jambo lililokuwa la kunong'onezwa jikoni lisemwe hadharani na wanaume wakiwa wameketi pale pale. Wakaleta pia vichaka kama kaliandra na sesbania, ambavyo havikuhesabiwa kuwa miti kwa maana ile ya zamani, kwa hiyo mwanamke aliweza kuvipanda bila kuvunja mwiko. Kamera ya angani ilihesabu majani. Mchezo wa kuigiza barazani ulifika pale kamera isipofika, kwenye swali la nani ana ruhusa ya kukata.

Linganisha na mambo ya juzi. Mpango wa serikali ya Rais William Ruto ni kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, lengo likiwa miche milioni 100 siku hiyo moja, na wizara ya mazingira ikawa na programu ya simu, JazaMiti, ambapo mtu huandika mahali alipo, akashauriwa mche unaofaa, kisha akasajili alichopanda. Programu yenyewe ina akili kuliko watu wanavyoidhania: kumwambia mtu mti gani unafaa udongo wake ni huduma ya kweli. Tatizo liko kwenye picha inayofuata. Siku ile mitandao ilijaa waheshimiwa waliovaa glavu mpya, wameinama kidogo, mche mmoja umeshikwa na mikono sita. Mche hupigwa picha siku ya kuzikwa mizizi. Haupigwi picha mwezi wa Januari, ng'ombe wa jirani anapopita.

Desemba 2025 kijana Truphena Muthoni aliukumbatia mti mjini Nyeri kwa saa 72, na Wakenya wengi wakamfuatilia moja kwa moja kwenye simu zao usiku na mchana. Wapo walioona ni mchezo wa kutafuta rekodi. Lakini tofauti na picha za sikukuu, ile ilikuwa picha ya mtu asiyeondoka, na huenda ndiyo sababu ilishika mioyo ya watu: angalau mara hii mtandao ulilazimika kutazama mti kwa muda mrefu, hata kama wengi walikuwa wakimtazama binti.

Mto nao una nyuso mbili. Nzoia hutoka milima ya Cherangany na Elgon, hupita karibu na Mumias, na kuingia Ziwa Viktoria katika nchi ya Budalang'i. Mvua kubwa zikija, picha hutoka Budalang'i: paa za nyumba juu ya maji, mitumbwi shuleni, mama na godoro kichwani. Zinastahili kusambazwa. Ila udongo uliomo ndani ya yale maji mekundu ulitoka mahali fulani juu, katika kingo zilizolimwa hadi majini na mashamba yaliyoachwa wazi kati ya zao moja na lingine, na huku juu hakuna anayerekodi. Mmomonyoko hauna dakika ya kuanza. Anayetazama video ya Budalang'i akiwa Mayoni humhurumia jirani wa mtoni bila kujiona ndani ya picha ile, ingawa huenda kiganja cha udongo wa shamba lake kimo.

Je, simu basi haina faida kwa mkulima? Inayo, na tena kubwa, pale inapomfanya ainame. Kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika alipothibitishwa nchini Kenya mwaka 2017, eneo la magharibi lilikuwa kati ya yaliyopigwa kwanza. Mahindi yalikuwa na matundu kama yaliyopigwa risasi, na wakulima hawakuwa na jina la mdudu. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wakatoa programu ya Nuru, ambayo hutazama jani kwa kamera ya simu na kutoa dalili ya ugonjwa au mdudu bila kuhitaji intaneti. Ilianza kufundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa Tanzania, halafu ikaongezewa kiwavi wa mahindi. Mwenye simu ya kabambe, ile ya vitufe, hawezi kuitumia, na hilo huwaacha nje wazee wengi na akina mama wengi. Kwa aliye nayo, kamera ambayo jana ilikuwa ya kujipiga picha arusini leo inaelekezwa ndani ya moyo wa mhindi, mahali pa kiwavi mchanga asiyezidi unene wa uzi. Hakuna anayeiweka picha hiyo kwenye status yake. Haina mvuto wowote, na ndiyo yenye thamani kubwa kwa chakula cha mwaka.

Dawa moja ya kiwavi huyo, hata hivyo, haiwezi kuonekana kwa kamera ya aina yoyote. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kambi huko Mbita kando ya ziwa, kimeeneza tangu miaka ya 1990 kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nepia au brakiaria hupandwa kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga, harufu ya nyasi za ukingoni huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu huzuia striga, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi ya magharibi hadi yanyauke. Watafiti wa kituo hicho walichapisha mwaka 2018 matokeo kwamba katika mashamba ya vuta-sukuma viwavijeshi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya vipekecha shina, kabla ya kiwavi huyu kuvuka bahari.

Video za kilimo hiki zipo, na baadhi ni nzuri sana. Lakini zinaonyesha tu kijani chini ya kijani kingine. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya kuhusu jinsi wakulima walivyojifunza vuta-sukuma uliziweka mbele siku za shambani, zile ambapo watu hukusanyika kwa mtu aliyekwisha panda. Huko mgeni hung'oa desmodiamu aone mizizi, hupasua bua la mhindi kwa kucha, humuuliza mwenyeji ng'ombe anaila au haili, palizi ni ngumu mwaka wa kwanza au wa pili, na ile mbegu yake adimu inapatikana wapi na kwa bei gani.